Chemba zinazofurika Iringa: tuchimbe mabomba au tuanze na mapaa? Na nani alipe?

Mleta mada

Kamwene wote. Masika yetu ni moja tu, Desemba hadi Aprili, na mvua ikikolea kuna chemba za majitaka katikati ya mji zinatapika barabarani. Kelele zinazofuata ni zilezile: mabomba ya zamani, yang'olewe, yawekwe makubwa. Mimi nasema tusikimbilie kuchimba. Tuanze na mapaa yanayomwaga maji ya mvua humo.

Chukueni kalamu. Paa la nyumba ya kawaida tuseme lina mita za mraba 100. Ikinyesha milimita 30 kwa saa moja, paa hilo linapokea lita 3,000. Familia ya watu sita, kila mmoja akitumia lita 80 kwa siku, inamwaga lita 480. Kwa hiyo paa moja ndani ya saa moja linaingiza kwenye bomba maji ambayo familia hiyo ingeyamwaga kwa siku sita. Bomba la inchi 6 lililolazwa kwa mteremko wa mita 1 kila mita 100, likijaa pomoni, linapitisha kama lita 15 kwa sekunde. Mapaa 18 yanalimaliza, na hapo hakuna hata mtu mmoja aliyevuta maji chooni. Ukiweka bomba kubwa zaidi bila kuyatoa mapaa, umewaongezea watu nafasi ya kuunganisha magata mengine.

Na wanaounganisha ni sisi wenyewe. Fundi anamaliza kuezeka, anaiona chemba hapo uani, anateremsha bomba la gata humohumo, anachukua hela yake anaondoka. Wengine uwanja ukijaa maji wanainua mfuniko wa chemba ili yashuke. Mfuniko wenyewe kama ni wa chuma haurudi, unaishia kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, na mchanga wote wa barabara unapata mlango.

Kuwagundua si kazi ngumu. Kipande cha bomba kinazibwa huku na huku, unapulizwa moshi usio na madhara kwenye chemba, watu wanasimama barabarani kuangalia unatokea wapi. Ukitokea kwenye gata ya mtu, hana la kubisha. (Mtaa mzima utakuwa nje unatazama. Sehemu hiyo naisubiri kwa hamu.)

Hoja ya pili ndiyo itakayonitukanisha: gharama za matengenezo wagawane wote wenye mita ya maji, hata wasiounganishwa na bomba la majitaka. Kinachofurika huku juu kinateremka kwa wengine.

Karibuni tupingane.

Mkazi wa Kitwiru

Mkuu, hesabu ya mapaa nimeielewa. Ya pili nakataa. Mimi nina karo la choo. Nimelichimba kwa hela yangu, likijaa naita gari la kunyonya kwa hela yangu. Wa mjini anavuta maji, kimeshaondoka, hata hajui kimekwenda wapi. Leo nimlipie na yeye?

Sensa ya 2022 ilituhesabu zaidi ya watu 200,000 manispaa hii, na wengi wetu tuko kwenye karo au shimo. Kama kuna hela ya kukusanya kwa wote, yanunuliwe magari ya kunyonya mpaka bei ishuke. Hapo ndipo mtu ataacha kutapisha choo usiku mvua ikinyesha. Hilo nalo ni kufurika, ila halizungumzwi kwa sababu halitokei mbele ya benki.

Fundi bomba

Mleta mada umesema kweli, ila nusu. Kiangazi maji yanayopita ni machache, kwa hiyo mchanga unatua chini na mafuta ya kupikia yanaganda kwenye kuta. Pampasi ndiyo usiseme. Mvua ya kwanza inakuta bomba la inchi 6 limebaki la inchi 3, na hesabu yako ya mapaa 18 inakuwa ya mapaa machache sana.

Halafu kuna lile watu wasiloliona. Bomba la zege linaliwa kutokea juu. Majitaka yakikaa bila hewa yanatoa gesi ile ya harufu ya yai viza, gesi inapanda, inakuta unyevu kwenye dari la bomba, bakteria wanaigeuza kuwa asidi ya salfuriki. Ukichungulia chini unaona maji yanapita vizuri, kumbe juu umebaki ukoko. Siku lori la mbao likipita, barabara inadidimia. Pale moshi hautakusaidia kitu.

Ningepewa mimi, naanza na kuosha kwa mashine ya presha, kisha kamera inapitishwa ndani. Palipooza pachimbwe, pazima paachwe. Gata baadaye.

Mwenye nyumba, mjini kati

Mnaongea kama vile tumekusudia. Gata yangu inaingia kwenye chemba, ndiyo, na sijifichi. Niambieni niielekeze wapi. Kiwanja kimebanana na cha jirani, barabara haina mfereji, nikiigeuzia mbele maji yanaingia dukani kwa watu. Barabara za mitaa na mifereji yake ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Majitaka ni ya mamlaka ya maji. Kibali cha kujenga nachukua manispaa. Moshi wenu ukitoka kwangu nitapigwa faini, sawa, halafu maji ya mvua nitayapeleka ofisi ipi kati ya hizo tatu?

Mleta mada

Fundi, kuosha na kamera nakubali vianze, havina ugomvi. Ila ukiziba pabovu na magata yakabaki, tutarudi hapahapa masika ijayo.

Mwenye nyumba, hoja yako ni nzito kuliko zote mpaka sasa. Tenki chini ya gata linasaidia, lakini kwa hesabu yangu mwenyewe tenki la lita 3,000 linajaa kwa saa moja. Likifurika tumerudi palepale. Kwa hiyo naongeza: pasipo na mfereji, mtu asipigwe faini. Mfereji uchimbwe kwanza, apewe muda, ndipo moshi upulizwe.

Mama wa Ipogolo

Wanangu, na huku bondeni tupo. Mnachokimwaga huko kilimani kinashuka kwetu na kwenye Mto Ruaha Mdogo. Maji ya mto huo yanamwagilia bustani, na mchicha na chainizi zinapanda sokoni zinarudi mezani kwenu. Wewe wa Kitwiru unasema hulipi. Mboga unanunua wapi? Kipindupindu cha 2015 kilianzia Dar es Salaam Agosti kikasambaa mikoani. Hakikubagua wenye karo.

Ila na wewe mleta mada, "wote wagawane" ni maneno ya mtu mwenye gesti. Mimi nina bomba moja uani na ndoo. Gesti ya vyumba thelathini ina bafu thelathini. Tulipishwe kwa uniti za maji tunazotumia, na hizi za chini kabisa zisiguswe.

Mleta mada

Mama, gesti sina, ila hilo la uniti nimelichukua.

Mkazi wa Kitwiru

Mama umenishika kwenye mchicha. Haya, nalegeza kamba, kwa sharti. Bei ya maji na majitaka haipandi mpaka EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, iridhie, na kabla ya hapo kuna mkutano wa taftishi ambao mwananchi anaruhusiwa kusema. Mle tudai hela ya matengenezo iandikwe mstari wake peke yake kwenye bili, ionekane imekusanywa kiasi gani na imekwenda bomba gani. Na mwenye karo anayechangia mstari huo anyonyewe karo kwa bei nafuu mara moja kila miaka mitatu.

Fundi bomba

Karo lililojengwa vizuri linaenda mpaka mitano.

Mleta mada

Basi iwe mitano.

Mkazi wa Kitwiru

Mitatu. Mimi nina wapangaji.