Msaada: nyumba za reli ya modeli zinavuja mwanga ukutani, nipake rangi gani?

Behewa la Nyuma
Wakuu, heshima kwenu. Nina meza ya reli ya modeli, skeli ya 1:87. Nimejenga nyumba sita za plastiki na kuzitia taa za LED, na stesheni nayo ina taa. Mchana zinapendeza. Nikizima taa ya chumbani, kuta zinang'aa zenyewe, na pale ukuta unapokutana na paa kuna mstari wa mwanga mkali kama wembe. Paa la stesheni nalo limeanza kubonyea kidogo katikati, nadhani ni joto la chumba. Naomba kujua rangi gani nipake kwa nje ili kuzuia mwanga bila kuharibu matofali niliyoyachora kwa wiki tatu. Swali ni hilo tu, tusiende mbali.

Abiria Bila Tiketi
Nimeweka kambi hapa. Wajuzi waje.

Kandili
Pole ndugu yangu, hilo linampata kila anayeanza. Nje usiguse. Dawa iko ndani: paka rangi nyeusi mpaka ukiuelekeza ukuta kwenye taa usione kitu, kisha juu yake paka nyeupe ili mwanga urudi madirishani. Pembeni bandika vipande vya karatasi nene nyeusi.

Mimi jengo langu la kwanza lilikuwa duka la ghorofa mbili. Nikaweka LED moja katikati, nyeupe ile ya kibluu. Usiku jengo zima likawaka, mume wangu akauliza ndani kuna nani anachomelea vyuma. Nikalifungua, nikagawa vyumba kwa kadibodi, nikaweka taa za manjano za kelvini 2,700 kwenye vyumba vitatu tu, vingine nikaviacha giza. Huwezi kuamini, madirisha yale ya giza ndiyo yaliyofanya duka lionekane lina watu. Mmoja kalala, mwingine hajarudi. Nilikaa nikilitazama nusu saa bila kuwasha treni.

Kwa hiyo toa paa, upake ndani.

Behewa la Nyuma
Asante dada. Kwa ndani haiwezekani kwa sasa. Hakuna rangi ya nje?

Mzee wa Solda
Haiwezekani kwa nini?

Ramani Kwanza
Ngoja niseme ukweli ambao wengi hawapendi kuusikia. Watu siku hizi wanakimbilia taa kabla ya kuchora ramani ya waya. Mimi nilichora miezi minne kabla ya kununua hata nyumba moja. Kila waya na rangi yake, kila nyumba na namba yake. Kijana, subira.

Abiria Bila Tiketi
Mkuu, na treni ulianza kuiendesha lini?

Ramani Kwanza
Bado. Nasubiri swichi.

Behewa la Nyuma
Mzee wa Solda, paa nimeshazigundisha. Zote. Nilitaka vumbi lisiingie, na paa linalochezacheza linaharibu picha. Najua mtanisema, lakini nilifikiria kabla ya kufanya.

Abiria Bila Tiketi
Weka kwenye friza usiku kucha, asubuhi pindua kidogo, paa linabanduka. Nilishafanya.

Mzee wa Solda
Hiyo ni kwa supaglu, ambayo baridi inaifanya ivunjike kirahisi. Behewa, ulitumia gundi gani?

Behewa la Nyuma
Ile ya maji ya kuungia plastiki, unapaka kwa brashi. Madirisha tu ndiyo nilitumia supaglu, na yamekuwa na ukungu mweupe. Nikasema bora, yanafanana na mapazia.

Kandili
Mapazia! Huo ni mvuke wa supaglu, ndugu. Madirisha hushikwa kwa gundi nyeupe ya mbao, ikikauka haionekani.

Mzee wa Solda
Basi friza haitasaidia. Gundi ile huyeyusha plastiki mbili zikawa moja, hapo hakuna tena kiungio cha kubandua. Na asije mtu kukushauri asetoni, itakula paa, ukuta na matofali yako ya wiki tatu.

Ila si lazima ufungue paa. Geuza nyumba. Kata sakafu kwa msumeno mwembamba, acha ukingo wa milimita 3 kuzunguka ili ukuta usilegee. Kisha kunja boksi la karatasi nyeusi kwa nje na nyeupe kwa ndani, toboa madirisha, funga LED yako kwenye dari ya boksi, lichomeke kutoka chini. Mstari wa mwanga chini ya paa utakwisha na rangi ya nje hutaigusa. Kesho taa ikiungua unachomoa boksi.

Sasa niambie. Umeme unatoa wapi?

Behewa la Nyuma
Umeme hauna shida, Mzee. Ni volti 12. Tubaki kwenye mwanga.

Mzee wa Solda
Volti 12 kutoka wapi?

Behewa la Nyuma
Kutoka kwenye reli.

Abiria Bila Tiketi
Kwa hiyo treni ikisimama mji mzima unaingia giza? 😂 Dereva akienda kujisaidia watu wanaoga kwa tochi.

Behewa la Nyuma
Cheka tu. Reli tayari zina umeme, kwa nini nivute waya mwingine? Treni ikienda kasi taa zinawaka vizuri. Ikirudi nyuma nyumba zinazima, lakini stesheni inabaki inawaka, kwa hiyo si tatizo kubwa. LED zote sita nimeziunga paraleli, yaani sambamba, kwenye resista moja ya omu 1,000, kile kipande cha kupunguza umeme. Nilipiga hesabu.

Nukta Tatu
Nimesoma tangu juu kimya kimya. Naomba niulize wazee, hamsikii harufu ya chai hapa?

Chukueni kalamu. Reli volti 12. LED nyeupe inataka kama 3. Zinabaki 9, gawanya kwa omu 1,000, ni miliampia 9. Hizo ni za nyumba ZOTE SITA. Kwa pamoja ni kama sehemu ya kumi ya wati moja. Kwa umeme huo paa la stesheni limebonyea? Plastiki ile hailainiki kwa joto la chumba, inataka kukaribia nyuzi 100. Halafu reli ikigeuzwa chanya ikawa hasi, LED hazina budi kuzima. Stesheni inawakaje? Huyu kakaa kijiweni akatunga. Hana reli, hana meza.

Ramani Kwanza
Mimi nilishahisi.

Abiria Bila Tiketi
Weka picha mkuu tumalize ubishi.

Kandili
Mtu hatungi ukungu wa madirisha jamani.

Mzee wa Solda
Nukta Tatu, hesabu yako iko sawa, hukumu umeiwahi. Kitu kinachowaka umeme uende huku au kule, tena kinachemsha paa, nakijua. Behewa, stesheni haina LED. Ndani mna balbu za uzi, zile ndogo kama punje ya ngano. Kweli si kweli?

Behewa la Nyuma
Kweli.

Ziko nne, za volti 12. Stesheni sikuijenga mimi. Aliijenga baba, na balbu aliziweka yeye, solda ni za mkono wake. Nilijua nikizitaja tu mtaniambia nizing'oe niweke LED. Sizing'oi. Ndiyo maana niliuliza rangi.

Nukta Tatu, picha sina haja ya kukuwekea.

Nukta Tatu
Sawa kaka. Nimekubali, ni balbu. Samahani. Ila ungesema mwanzo.

Kandili
Baba yangu naye aliniachia kichwa cha treni kisichotembea. Kila mwaka nakifungua, nakisafisha, nakifunga. Hakijawahi kutembea.

Mzee wa Solda
Hakuna aliyekwambia uzing'oe. Balbu ya volti 12 ikipewa 12 inachemka na kuzeeka haraka. Sasa hivi zote nne ziko paraleli, si ndiyo? Ziunge mbili mbili kwa sirisi, yaani umeme upite balbu moja kisha uingie ya pili. Kila moja itapata volti 6, joto litashuka sana, na mwanga utakuwa hafifu, wekundu-wekundu. Solda za mzee usiziguse, kata waya mbali nazo. Juu ya balbu bandika karatasi ya fedha ya jikoni ilikinge paa, ila isiguse waya ulio wazi, maana inapitisha umeme.

Pili, ondoa taa zote relini. Tafuta adapta ya volti 12 ya DC, umeme unaokwenda upande mmoja tu, iwe ya taa peke yake, na fyuzi mwanzoni mwa waya. Reli ikigeuzwa, LED zako zinapokea volti 12 kinyumenyume wakati nyingi hustahimili kama 5 tu. Ukiendelea hivyo zitakufa moja moja.

Tatu, na hapa unisikilize: kila LED iwe na resista YAKE. Miliampia 5 zinatosha kabisa kwa nyumba, kwa hiyo omu 1,800 kila moja. LED hazifanani. Ukizifunga pamoja kwenye resista moja, inayotaka volti kidogo ndiyo inayojichukulia umeme, nyingine zinabaki kuangalia. Nyeupe zinataka kama 3, nyekundu hutosheka na 2.

Behewa la Nyuma
Nimeelewa. Asante sana Mzee wangu.

Behewa la Nyuma
Mrejesho. Adapta nimefunga, na fyuzi. Stesheni nimeiunga mbili mbili, imekuwa na mwanga kama wa zamani, na paa nimelishika baada ya saa nzima, vuguvugu tu. Sakafu nimekata nyumba mbili, ya kwanza nimeipasua ukuta, ya pili imetoka safi. Boksi la karatasi linafanya kazi. Resista nimebaki na ile moja, kwa sababu LED zangu zote sita ni za pakiti moja na zinawaka sawasawa.

Mzee wa Solda
Haya.

Behewa la Nyuma
Wakuu, samahani kuurudisha uzi juu. Leo nimeongeza taa moja nyekundu ya ishara kwenye zile sita. Nyumba zote zimezima, nyekundu peke yake ndiyo inawaka. Nimebadilisha fyuzi mara mbili. Tatizo linaweza kuwa adapta?