Nina arkea wa Magadi na pesa ya mkutano mmoja: niende upi?

Mzee_wa_Magadi
Wanajamvi, salamu. Nasoma uzamili wa mikrobiolojia Nairobi. Nimetenga arkea (vijidudu vya seli moja, si bakteria) wanaopenda chumvi kutoka Ziwa Magadi, hao wanaoyafanya maji ya mabwawa ya chumvi kuwa mekundu. Idara itanilipia mkutano mmoja wa nje, basi. Msimamizi anataka niende ule mkubwa wa ikolojia ya vijidudu, uliokuwa Cape Town Agosti 2024, eti kila mtu huwa huko. Mimi natamani mkutano wa arkea peke yake, unaoandaliwa na EMBO (shirika la Ulaya la baiolojia ya molekuli) au Gordon (mikutano midogo ya kisayansi). Nina bango tu la kuonyesha utafiti wangu, si hotuba. Mnasemaje?

Dada_Methani
Mdogo wangu, nenda wa arkea. Niko Ujerumani, nashughulika na arkea wanaotengeneza gesi ya methani. Kwenye mikutano mikubwa bango langu hubanwa kati ya udongo wa mahindi na utumbo wa panya, na anayesimama mbele yake mara nyingi anatafuta chai. Nusu ya muda naeleza kwamba arkea si bakteria. Kwa watu wa arkea wenyewe unaanza moja kwa moja na data.

Halafu Magadi si jina geni kwao. Arkea aitwaye Natronobacterium gregoryi alitoka humo, akaelezwa na kina Tindall na Grant mwaka 1984. Mwaka 2016 watafiti wa China walidai protini yake ya Argonaute inahariri jeni ndani ya seli za binadamu. Watu walichachamaa! Maabara nyingine zikajaribu, zikashindwa, na makala ikaondolewa 2017. Andika MAGADI kwa herufi kubwa juu ya bango, watakuja wenyewe.

Fundi_PCR
Naunga mkono, ila Gordon ina masharti yake. Watu huleta matokeo ambayo hayajachapishwa, kwa hiyo hakuna kupiga picha wala kunukuu, na hakuna kitabu cha makala baadaye. Kama idara yako inataka kuona chapisho, waambie mapema. Alasiri huachwa wazi makusudi, na hapo ndipo maongezi yenyewe yalipo. Hii ni desturi ya zamani kwa watu hawa: baada ya warsha ya Munich ya 1981, Woese, Wolfe na Kandler, waanzilishi wa utafiti wa arkea, walipanda mlima pamoja.

Dada_Methani
Jingine. Utaombwa sampuli, tena kwa tabasamu. Usibebe hata kichupa kimoja bila kibali cha NEMA (mamlaka ya mazingira ya Kenya), na usiahidi kitu mezani. Sema, "Tuandikiane, msimamizi wangu awemo." Mzozo wa vimeng'enya vya vijidudu vya maziwa yetu ya magadi, vilivyodaiwa kuchukuliwa bila kibali, bado wengine tunaukumbuka.

Mzee_wa_Magadi
Asanteni sana. Nimemwonyesha msimamizi uzi huu. Ameuliza swali moja tu: ada ya Gordon ina malazi ndani?

Fundi_PCR
Malazi na chakula, vyote. Nauli na viza juu yako. Omba miadi ya ubalozi siku hiyohiyo utakapopata barua ya mwaliko.