Malezi ya kambo, kafala au kuasili: ipi nafuu kwa mtu wa kipato cha kawaida Mombasa?

Mama Rehema
Habari zenu wanajukwaa. Kuna mtoto nataka kumchukua nimlee, na afisa wa watoto amesema wiki ijayo atakuja kuikagua nyumba. Nimeambiwa njia ni tatu: malezi ya kambo, yaani kumlea kwa muda; kafala, yaani malezi ya Kiislamu ambayo mtoto anabaki na nasaba yake; na kuasili, yaani anakuwa mwanangu kisheria. Ipi haina gharama kubwa? Na je, kuna pesa serikali inampa mlezi kila mwezi? Aliyepitia tafadhali anieleze, maana kila ninayemuuliza ana lake.

Mwalimu wa Bamburi
Dada, hujatuambia mtoto ana umri gani, ni wa ndugu yako au yuko kwenye makao ya watoto, wala kama wazazi wake wako hai. Ana cheti cha kuzaliwa? Una mume? Bila hayo kila mtu atakujibu kwa mtoto aliye kichwani mwake.

Kilifi Kwetu
Mimi nasema umwasili, umalize. Malezi ya kambo mtoto si wako kisheria, jina halibadiliki, na hati yake ina mwisho, kila mara unaomba upya. Ukimwasili ni mwanao kama uliyemzaa, anarithi, na cheti kinatoka na jina lako. Sharti uwe na miaka 25 kwenda juu na umzidi mtoto kwa miaka 21. Akae kwako miezi 3 mfululizo chini ya uangalizi, kisha kesi iende Mahakama Kuu. Na kama umeajiriwa, tangu 2021 sheria ya kazi inakupa likizo ya mwezi mmoja yenye mshahara kwa ajili hiyo.

Binti Mvita
@Kilifi Kwetu umesahau kusema wakili analipwa na nani. Kuasili kunakwenda Mahakama Kuu, hakumalizwi kwa chifu. Na kama dada ni Mwislamu, hilo la kumpa mtoto ubini wako halipo kabisa. Kafala imetambuliwa katika Sheria ya Watoto ya 2022, mbona watu wanaikwepa?

Mama Rehema
Samahani, nilikuwa sokoni. Mtoto ni wa kike, ana miaka 4, yuko kwenye makao ya watoto. Aliokotwa akiwa mchanga, wazazi hawajulikani. Mimi ni Mwislamu, nimeolewa, mume wangu yuko Muscat kikazi. Nina watoto wawili wa kiume. Nauza mahamri na viazi karai asubuhi pale Kongowea, na mume hutuma akipata. Mtoto tumezoeana, nilikuwa napeleka vitafunio pale kila Ijumaa. Sasa ananiita mama, na nikiondoka hushika buibui langu hasemi kitu. Cheti cha kuzaliwa sijaulizia.

Mwalimu wa Bamburi
Hapo sasa. Cheti uliulizie kesho asubuhi. Miaka 4 ni wa kuingia PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, na shuleni ataandikishwa kwenye mfumo wa serikali kwa cheti. Kila Januari nawapokea watoto wa aina hii, mwalimu mkuu anawaruhusu wakae darasani, lakini kwenye mfumo hawamo, na mgao wa serikali kwa mwanafunzi haufiki. Elimu ya msingi haina ada, ndiyo, lakini sare, chakula cha mchana na madaftari ni juu ya mlezi. Piga hesabu hiyo kabla ya hesabu ya wakili.

Mstaafu wa Idara
Nimefanya kazi na watoto miaka mingi, nikujibu la pesa moja kwa moja. Kenya haimlipi mzazi wa kambo posho kwa kuwa ni mzazi wa kambo. Kilichopo ni fungu la yatima na watoto walio hatarini ndani ya Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuzisaidia kaya maskini, Sh2,000 kwa mwezi. Hizo ni za kaya, si za mtoto, na kaya hupimwa umaskini wake. Ukiwa na mume anayetuma kutoka Oman, usizitegemee. Hata wanaostahili husubiri uandikishaji ufunguliwe, kisha malipo yenyewe huchelewa na kuja ya miezi kadhaa kwa pamoja. Huwezi kulipia kodi ya nyumba kwa pesa ya namna hiyo.

Afya: tangu Oktoba 2024 bima ya serikali ni SHA. Asiyeajiriwa hulipa kwa mwaka, kima cha chini ni Sh300 kwa mwezi, na mtoto huingizwa chini yako bila nyongeza. Ila uwe na karatasi inayoonyesha yuko chini yako kisheria. Kwa mtoto aliyeokotwa, ulizia pia amri ya mahakama iliyompeleka makaoni na barua za polisi. Ile ya mwisho, inayosema hakuna aliyejitokeza kumdai, ndiyo watu huisahau, na bila hiyo kuasili hakuanzi.

Afisa akija hatafuti kochi. Anaangalia mtoto atalala wapi na nani, maji, choo, na wavulana wako wana umri gani. Atataka pia kumsikia mume wako.

Shangazi wa Changamwe
Naomba nieleze langu, kwa sababu wote mnazungumza kama kwamba karatasi ni jambo la baadaye.

Nilimlea mtoto wa marehemu jirani yangu tangu akiwa na miaka 2. Tulikwenda kwa mzee wa mtaa, chifu akaandika barua, tukaona yamekwisha. Nilimsomesha, nikamnunulia kila kitu, simdai mtu. Alipofika miaka 6 akaanguka mwembeni, mkono ukavunjika juu ya kiwiko. Nikampeleka hospitali moja ya hapa mjini, wakasema anahitaji kupasuliwa, mzazi au mlezi wa kisheria atie sahihi. Nikatoa barua ya chifu. Yule dada wa mapokezi akaisoma, akanirudishia, akasema hii inasema unamjua mtoto, haisemi ni wako. Tulikaa kwenye benchi tangu adhuhuri hadi usiku, mtoto amefungwa mkono kwa leso yangu, analia mpaka sauti ikakauka. Daktari wa zamu ndiye aliyeona huruma akasema atabeba dhamana. Bili nililipa taslimu yote, maana kwenye bima hakuwemo.

Halafu baba yake akatokea. Miaka yote hiyo hajulikani alipo, mtoto amekuwa mkubwa, anatumika, akaja na ndugu zake wawili. Kituoni nikaulizwa nina amri ya mahakama. Sina. Akachukuliwa mchana huohuo akiwa na sare ya shule. Nilisikia yuko bara, shule ameacha. Mpaka leo sina haki hata ya kuuliza.

Dada, usikubali mtoto aje kwako "kwa muda" huku karatasi zinashughulikiwa. Zije pamoja naye.

Binti Mvita
Pole sana shangazi. Mungu akulipe kwa uliyoyafanya.

Mswahili wa Leicester
Pole shangazi. Mimi ni mzazi wa kambo huku Uingereza, na huku halmashauri hulipa posho kila wiki. Mwaka 2024/25 kima cha chini England kilikuwa kati ya pauni 165 na 290 kwa wiki kwa mtoto, kwa kadiri ya umri wake na eneo. Kuna mafunzo kabla ya kuidhinishwa, na mfanyakazi wa ustawi wa jamii hunipigia hata nikiwa sina shida. Kenya inaona malezi ni sadaka, ndiyo maana wenye moyo wanachoka.

Kilifi Kwetu
Huku wakianza kulipa hivyo, watoto watachukuliwa kwa ajili ya pesa. Utawakuta kumi nyumba moja.

Mstaafu wa Idara
@Kilifi Kwetu hoja hiyo nimeisikia miaka mingi na siikubali. Makao yalikuwa yakipokea fedha za wafadhili kwa kila kitanda, hakuna aliyesema watoto wanachukuliwa kwa ajili ya pesa. Serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya mwaka 2017, na mkakati wa 2022 hadi 2032 ni watoto warudi kwenye familia. Sasa familia inayompokea ipewe nini? Muuza mahamri abebe kazi iliyokuwa na bajeti, wapishi na dereva? Dawa ya ulaghai ni ukaguzi. Ajirini maafisa wa kutosha wa kutembelea nyumba.

Mzee wa Kibokoni
Turudi kwa mwenye swali. Bibi, kwa hali yako kafala ndiyo inayokufaa. Mtoto anabaki na nasaba yake, hata kama haijulikani, na wewe unabeba matunzo yake yote. Hatakurithi kwa faradhi, yaani mgao wa mirathi ya Kiislamu, lakini unaweza kumwandikia wasia usiozidi theluthi. Nenda kwa kadhi upate maelekezo, na kwa afisa wa watoto vilevile, usichague mmoja.

Jambo moja ulifikirie mapema: una wavulana. Mtoto huyu amepita miaka 2, kumnyonyesha hakuleti tena umahramu, yaani undugu unaozuia ndoa. Akibaleghe atakuwa ajinabi, mtu baki, kwa wanao na kwa mumeo.

Binti Mvita
Mzee, kwa heshima, ana miaka 4. Stara watafundishwa kadiri wanavyokua, kama binamu wanaokulia nyumba moja. Tusimtishe mama wa watu kwa jambo la miaka kumi ijayo.

Mzee wa Kibokoni
Simtishi. Chumba cha pili hakijengwi siku moja.

Mwalimu wa Bamburi
Hata mimi naona la chumba ni la kweli, na afisa ataliuliza. @Mama Rehema wavulana wana umri gani, na nyumba ina vyumba vingapi?

Mama Rehema
Mmoja ana miaka 9, mwingine 6. Vyumba ni viwili, na ukumbi. Nilidhani angelala nami mpaka baba yao arudi. Nimeongea na mume jana usiku, anasema tumchukue, ila anataka kuasili kwa sababu anaogopa yaliyomkuta shangazi. Mimi naelekea kwenye kafala. Kesho naenda makaoni kuulizia cheti, amri ya mahakama na barua za polisi.

Kilifi Kwetu
Mume amenena.

Shangazi wa Changamwe
Ukifika omba nakala, usionyeshwe tu ukaondoka. Na mwulize afisa, mume aliye Muscat atatia sahihi wapi?

Mswahili wa Leicester
Kuna yeyote humu aliyekamilisha kafala tangu sheria ya 2022, mke yuko Kenya na mume nje? Nauliza pia kwa ajili ya dada yangu, yuko Malindi.