Mama pumzi inakata, daktari kaandika mazoezi ya hospitali, nimpeleke au apumzike?

Binti wa Uru
Wadau habari za asubuhi, naombeni mawazo maana hapa nyumbani tumegawanyika. Mama yangu ana miaka 58, aliugua TB zamani akameza dawa zote miezi sita akapona, sasa huu mwaka wa pili pumzi inakata. Kutoka barabarani mpaka kwetu huku Uru ni kamlima kadogo tu, alikuwa anapanda na mkungu wa ndizi kichwani, sa hivi anasimama mara nne anashika migomba. Hospitali wamepima makohozi na kupiga picha wakasema TB haijarudi ila mapafu yana makovu, na moshi wa kuni nao umechangia. Wakampa pampu ya kuvuta dawa kwa mdomo, halafu daktari akaandika aende fizio mara mbili kwa wiki, wiki nane, akafanye mazoezi. Kaka yangu mkubwa kakataa kabisa, anasema mtu hana pumzi unamkimbizaje? Anataka mama akae tu tumletee kila kitu. Mi namwangalia naona anavyozidi kukaa ndo anavyozidi kuisha. Kuna aliyepitia hii jamani?

Fizio Moshi
Pole dada, mpe mama shikamoo yangu. Kazi yangu ndo hiyo, na kaka yako simlaumu, ndugu wengi wanawaza hivyo hivyo kwa uchungu wa mgonjwa wao. Makovu hayaondoki, hata pampu haiyaondoi. Kinachobadilika ni misuli. Mtu akikosa pumzi anaogopa kutembea, asipotembea miguu inalegea, na mguu uliolegea unadai hewa nyingi zaidi kwa kazi ileile, basi anahema zaidi anakaa zaidi. Sisi tunaanzia hapo kwenye miguu.

Na hakuna kukimbia. Siku ya kwanza anatembea dakika 6 kwenye korido, kwa kawaida ya mita 30, anaenda anarudi kwa mwendo wake, akichoka anaegemea ukuta ila saa haisimami. Kidoleni amevaa kile kidude cha kupima oksijeni. Tunaandika mita alizofikisha, mwisho wa zile wiki anarudia, akiongeza kama mita 30 tunajua kweli kuna kitu kimebadilika. Siku zingine ni kutembea, kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika, kunyanyua chupa za maji za nusu lita. Tunamuuliza kila mara, kuhema ni ngapi kati ya 0 na 10? Ikiwa 4 hivi sawa, ikipanda sana au oksijeni ikishuka anapumzika. Anajifunza pia kuvuta hewa kwa pua na kuitoa taratibu kwa mdomo uliobanwa kama anapoza uji wa moto, hiyo peke yake itamsaidia sana kwenye hicho kilima. Aje na pampu yake kila siku. Akiwa na homa, kifua kinabana au kakohoa damu, asije mazoezini siku hiyo, aende kwa daktari.

Mkazi wa Sakina
Kwetu Arusha ilikuwa moyo. Mzee alipata shambulio la moyo, hospitali ya kwanza tukapewa dawa na neno moja tu "apumzike", tukampumzisha kweli, miezi mitano mzee wa watu hata kwenda bafuni anasindikizwa. Hospitali nyingine ndo wakatuambia kuhusu mazoezi, wanampima presha kabla na baada, wanaanza na kupasha mwili na wanamaliza taratibu, hawamkatishi ghafla. Wakamfundisha kipimo cha nyumbani, ukitembea uweze kuongea ila usiweze kuimba, ukishindwa kuongea punguza mwendo. Basi mzee kila jioni anatembea na mimi ananisimulia habari za kahawa ya miaka ya themanini, akinyamaza najua tupunguze. Dada mpeleke mama, na huyo kaka mwambie aje naye siku ya kwanza aone kwa macho yake.

Mama Jose
Nami nachangia kidogo, nauli ndo itakayowakwamisha, mara mbili kwa wiki si mchezo. Kaeni familia mgawane mapema, na muulize dirisha la bima kabla hamjaanza.

Binti wa Uru
Asanteni sana, nimemsomea kaka yote mpaka ya uji, kanyamaza kisha akasema Jumanne anakuja na gari. Mama yeye ana swali moja tu, eti lazima avae suruali? Anasema kama ni suruali haendi.

Fizio Moshi
Hapana kabisa, gauni pana na raba zisizoteleza zinatosha. Aje na khanga yake, asubuhi korido ina baridi.