Korona na mshtuko wa moyo: waliofika hospitali walipungua, vifo vikapanda. Kwa nini?

Zamu_ya_Usiku: Wakuu, naandaa somo la wauguzi wa dharura. Italia, Machi 12–19, 2020, hospitali 54 zilipokea wagonjwa wa mshtuko wa moyo pungufu kwa asilimia 48.4 kuliko wiki kama hiyo ya 2019. Ila kwa wenye mshipa ulioziba kabisa (STEMI), vifo vya wodini vilitoka asilimia 4.1 hadi 13.7. Hospitali zilizembea, au watu walichelewa? Na dawa ya kuyeyusha bonge la damu isingetosha badala ya kateta (mrija mwembamba unaopitishwa kwenye mshipa kuufungua)?

Mshipa_wa_Kushoto: Yote mawili, ila muda mwingi ulipotelea nyumbani. Hospitali moja ya Hong Kong ilipima muda tangu maumivu yaanze hadi mgonjwa aonwe: dakika 318, wakati mwaka uliotangulia ilikuwa 82.5. Wagonjwa 7 tu, lakini picha ndiyo hiyo. Saa ya "mlangoni hadi puto", yaani hadi mshipa ufunguliwe kwa puto la kateta, huanza mgonjwa akishafika, kwa hiyo hospitali inaweza kujisifia dakika 90 huku msuli umeshakufa. Andika saa maumivu yalipoanza, tena kwa mtindo wa saa 24. "Saa mbili asubuhi" ikiingia kwenye faili kama 02:00, umemwongezea mgonjwa saa 6, na anaweza kunyimwa dawa kwa kuonekana amepitisha saa 12, kikomo cha kuitoa.

Lombardia nako, kaskazini mwa Italia, mioyo kusimama nje ya hospitali kuliongezeka asilimia 58 katika siku 40 za mwanzo.

Eko_Kwanza: Hiyo 58 itumie kwa tahadhari. Sehemu kubwa ya ongezeko walikuwa na korona au walishukiwa kuwa nayo. Si wote walioziba mshipa.

Kuhusu dawa: kama kateta haiwezekani ndani ya dakika 120 tangu ECG (kipimo cha umeme wa moyo) isomwe, toa, na sindano iingie ndani ya dakika 10. Tenekteplase, mojawapo ya dawa hizo, ni kwa uzito: chini ya kilo 60, mg 30, kisha ongeza mg 5 kila kilo 10 hadi mg 50 kwa kilo 90 na zaidi. Miaka 75 kwenda juu, nusu dozi. Rudia ECG dakika 60–90. ST (sehemu ya mchoro wa ECG inayopanda mshipa ukiziba) isiposhuka zaidi ya nusu, mgonjwa aende kateta mara moja.

Tatizo ni kwamba bonge likikaa hukomaa, na dawa hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya saa 3 za mwanzo. Waliochelewa kwa hofu ya korona ndio hasa ambao dawa inawasaidia kidogo. Pia kati ya wagonjwa 28 wa korona wenye ST iliyopanda huko Lombardia, 11 hawakuwa na mshipa ulioziba. Hao ukiwapa dawa umewapa hatari ya kuvuja damu ubongoni bure. Ukiwa na shaka, weka eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti) dakika mbili kitandani.

Zamu_ya_Usiku: Majibu ya PCR (kipimo cha korona) yasubiriwe?

Mshipa_wa_Kushoto: Hapana. Mvishe barakoa, timu ivae kinga kamili, mhesabu ana korona, endeleeni. Akielekea kuhitaji mpira wa kupumulia kooni, uwekwe kabla hajaingia chumba cha kateta. Kuuweka katikati ya kazi hurusha matone chumba kizima. Na aliyefika siku ya pili au ya tatu, sikiliza moyo kila zamu: mvumo mpya (sauti ya ziada ya moyo) pamoja na presha kushuka, shuku ukuta wa kati umetoboka au msuli wa vali umekatika. Muite daktari wa upasuaji kabla ya kufikiria stenti (kibomba cha kushikilia mshipa wazi).