Wadau, nawaingizaje wanangu wakubwa kwenye progresivu roki?

MzeeSanturi
Habari za jioni wakuu. Niko Uingereza miaka mingi, huu muziki, roki ya nyimbo ndefu ndefu zenye mapigo ya kubadilika badilika, niliuokota huku huku kwenye maduka ya santuri za mitumba, bendi kama Genesis, Yes, King Crimson, Jethro Tull, mpaka mama watoto akasema ama santuri zihamie stoo ama nihamie mimi. Watoto wangu wawili washamaliza chuo, wana kazi zao, wakija wikiendi naweka Close to the Edge ya Yes ya 1972, wimbo mmoja dakika 18 na ushee umekula upande mzima wa santuri. Kijana anatoa simu. Binti ana adabu kidogo, anavumilia vumilia halafu anauliza "baba, kiitikio kiko wapi?" Sasa Steve Hackett aliyekuwa gitaa Genesis bado anazunguka na zile nyimbo za zamani, nataka twende watatu ila sitaki waje kwa kunionea huruma. Nianzie wapi?

pweza_mkavu
Mkuu umeanzia pagumu aisee. Ile inaanza na ndege na maji halafu ghafla kila mtu anapiga la kwake, hata sisi wapenzi ilituchukua muda. Hao wanao si wamekua na katuni ya Tarzan ya 1999? Zile nyimbo ni za Phil Collins, ndo huyo huyo mpiga drams wa Genesis, akashika na maiki baada ya mwimbaji wao Peter Gabriel kuondoka 1975. Waambie hilo tu, halafu weka santuri ya Genesis, Selling England by the Pound, wamsikilize anavyopiga, neno progresivu usilitaje kabisa.

kitindamimba
Shikamoo mzee. Mi ni wa umri wa wanao na baba yangu ni kama wewe, Pink Floyd asubuhi mpaka jioni. Kilichokuwa kinaniboa sio muziki, ni maelezo!! Wimbo ukinoga anapunguza sauti ili anieleze eti melotroni ni kinanda chenye kanda ndani, kila kibonyezo na kanda yake, ukishikilia sekunde kama 8 inaisha, sasa hapo mi nasikia saa ngapi? Nilikuja kunasa mwenyewe kupitia Power ya Kanye ya 2010, kumbe ile sauti kaikata kwenye King Crimson ya 1969, nikampigia mzee usiku usiku. Wewe tupia linki kwenye grupu la familia afu uchune.

Bi_Sebene
Hapo kwenye kuchuna mdogo wangu nakataa. Binti zangu walishika kwa sababu niliwahesabia. Money ya Pink Floyd inaenda kwa saba, yaani unahesabu mapigo saba saba badala ya manne, nikawaambia haya pigeni makofi, wakapotea, wakacheka, wakarudia, na gitaa lilipoingia kwenye solo ikageuka nne ya kawaida wakashtuka wenyewe bila kuambiwa. Na huo urefu msiutetee kama kitu kigeni, Mario ya Franco inapita dakika 10 na harusini hakuna anayeangalia saa. Tofauti ni kwamba sebene unainuka unacheza, hawa wa Uingereza wanataka ukae utulie usikilize, na hapo ndo vijana wengi wanachomoka.

fundi_spika
Vyovyote vile ELP (Emerson, Lake & Palmer) usiwawekee mapema. Solo za kinanda za Keith Emerson zitakuvunjia familia 😂

pweza_mkavu
@fundi_spika 😂😂 Afu mzee nimekumbuka kitu, Gabriel huyo huyo alikuwa kati ya walioanzisha tamasha la WOMAD, na lebo yake ya Real World ndo iliyotoa Songs for the Poor Man ya Remmy Ongala 1989. Yaani una njia ya moja kwa moja kutoka Sinza mpaka Genesis, wapitishe huko.

MzeeSanturi
Marahaba @kitindamimba, umenisema mpaka mama watoto kasoma kwa sauti. Hiyo ya Remmy imenimaliza, santuri ninayo na ile nembo ya Real World naiona kila siku, nitaiweka kwanza wakati wa kula. Kijana nimemuuliza ya Tarzan, kazikariri zote ila anabisha kwamba ni mtu yule yule. Basi Jumamosi namwekea The Cinema Show ile nusu ya pili, Collins, Mike Rutherford na kinanda cha Tony Banks bila kuimba, nayo inaenda kwa saba Bi Sebene, makofi tutapiga. ELP nimezisukuma nyuma ya kabati.