Nimenunua nyumba ya zamani Nakuru, bafu na sakafu nianzie wapi?

mgeni_milimani

Wakuu hamjambo. Tumebahatika kununua nyumba ya zamani hapa Nakuru upande wa Milimani, zile za mawe zenye madirisha ya chuma na kompaundi ya kutosha. Mwenyewe ni mzee fulani alihamia kwa watoto wake kwa hivyo nyumba imekaa tupu msimu mzima wa mvua. Kuta ziko sawa, mabati nilipandisha fundi akasema bado yana miaka. Shida iko chini, na kwa vyoo.

Sebuleni kuna pakee, vile vipande vya mbao vya kupangwa, karibu na dirisha vingine vimefura vimenyanyuka. Vyumba vya kulala ni simiti nyekundu ya kupigwa polishi. Jikoni kuna vitailes fulani vya mraba vya kijivu kama plastiki vimeanza kubanduka kwa kona. Bafu ni mbili: ya ndani iko na bathtub na tailes ndogo nyeupe ambazo ukigonga zinalia tupu, na ya karibu na mlango wa nyuma iko na choo cha kuchuchumaa na sakafu ya simiti ambapo maji hayaendi kwa shimo, yanasimama tu kona. Paipu zote ni za chuma, asubuhi ukifungua mfereji maji yanatoka kahawia kwanza.

Mama watoto anataka tailes 60 kwa 60 za kung'aa nyumba mzima mpaka bafuni. Mamangu naye atakuja kukaa na sisi kutoka Bungoma na magoti yanamsumbua, kuchuchumaa hawezi. Fundi wa kwanza kuja alisema tubandike mpya juu ya zile ziko, ati wiki moja amemaliza. Baada ya wakili na ile asilimia 4 ya stempu tumebaki na kama laki nne hivi.

Naombeni mnisaidie: nianze na nini, hiyo ya kubandika juu inafaa ama ni kuniibia, na hiyo pakee ing'olewe?

fundi_nyamasaria

Mkuu hongera kwanza, kununua si mchezo. Kazi yangu ni tailes na plambing, niko Kisumu lakini Nakuru nimefanya nyumba kadhaa, za Milimani pia.

Hizo paipu za chuma ndio za kwanza. Maji kahawia asubuhi ni kutu, na kutu ikishaingia ndani tundu linazidi kuwa dogo mpaka shawa inakuwa machozi. Sasa ukifunika ukuta na tailes za pesa mingi alafu paipu itoboke nyuma yake, utavunja nini? Ng'oa zote uweke PPR, paipu za plastiki zile zinachomwa na mashine zinashikana zinakuwa kitu kimoja, weka valvu ya kufungia kila bafu peke yake ndio siku moja ikiharibika wengine waendelee kuoga. Na kabla ukuta haujafungwa plamba ajaze maji apige na pampu ya presha aiwache, wewe simama hapo uangalie ile saa yake kama mshale unashuka. Usikubali kuambiwa "iko sawa boss" na mtu ambaye ashapanga mkoba wake wa spana.

Kubandika juu: inawezekana, tena ukiwa na gundi nzuri na tailes za chini zimeshika kisawasawa. Zako zinalia tupu. Hiyo inamaanisha kuna hewa chini, alafu wewe unaongeza uzito juu ya kitu ambacho tayari kimeachilia. Pia sakafu inapanda karibu sentimita moja na nusu, mlango unaanza kukwaruza na flotrapu, ile ya kumeza maji sakafuni, inabaki kwa shimo. Toa zote mpaka upate simiti.

Maji kusimama kona ni mteremko haukuwekwa. Kwa bafu sakafu iteremke kuelekea kwa flotrapu kama sentimita 2 kwa kila mita, na hiyo inatengenezwa na skridi, ule mchanganyiko wa simiti na mchanga wa kusawazisha chini, si kwa gundi. Fundi akikuambia "tutainua na gundi" mpe nauli. Na hapa ndio nakubaliana nusu na mama watoto. 60 kwa 60 kwa sebule ni sawa kabisa lakini kwa sakafu ya kuogea taile kubwa hivyo haiwezi kujikunja kufuata mteremko wa pande nne, itabidi ikatwe katwe na itaonekana mbaya. Weka 30 kwa 30 za kukwaruza, zile hazina mng'aro, hasa kama kuna mzee. Za kung'aa weka ukutani hata mpaka kwa dari, hapo hakuna mtu atateleza.

Kitu kingine watu hawaambiwi hadiweya. Taile ya poseleni karibu hainyonyi maji, asilimia nusu au chini ya hapo ndio kipimo chake, kwa hivyo ile njia ya wazee ya kuloweka taile kwa ndoo na kupaka simiti ya maji nyuma haishiki. Seramiki ya kawaida ndio ilikuwa inanyonya ile simiti inashikana nayo. Poseleni ni gundi, na gundi ipakwe na lile chanuo la meno taile nzima. Ukiona fundi anaweka madonge matano, manne kwa kona na moja katikati, mwambie atoe. Hapo katikati ya madonge ndio panalia tupu, na ndio sufuria ikianguka panapasuka.

BabaTwins_Lanet

Hayo madonge matano 😂😂 nusu ya apatimenti za hapa Nakuru zimejengwa hivyo na tunalipa kodi.

mama_shamba

Mimi nitaongea ya pakee maana nimeona hakuna mtu ameigusa. Usiing'oe tafadhali. Nakuru iko juu karibu mita 1,850 na Julai asubuhi mguu kwa taile ni kama umekanyaga friji, watu wa Kisumu hawawezi kuelewa hii na siwalaumu. Mbao hiyo ni ngumu na mara nyingi iko na unene wa kutosha kusagwa na mashine, unaenda karatasi ya mchanga kali, alafu ya kati, alafu laini, unapiga vanishi mara tatu, inatoka sakafu ambayo ukitaka mpya leo pesa yake hutaipenda.

Lakini kwanza ujue kwa nini imefura kwa dirisha. Mbao haifuri bure. Kwa hizo nyumba za zamani ni ama dirisha linavuja chini ya fremu ama maua ya nje yamepandwa mpaka yamefunika ukuta na mchanga uko juu kuliko sakafu ya ndani, maji yananyonywa na jiwe yanaingia. Chimba huo udongo wa nje ushuke, weka kajia ka simiti kanateremka mbali na nyumba, alafu wacha pakauke kabla ya kurudisha vipande. Vile vilivyofura ukiviondoa polepole vingine vikikauka vinarudi saizi yake.

Na kama utaamua kung'oa, angalia chini yake. Hizo zilikuwa zinabandikwa na lami. Gundi ya tailes haishiki juu ya lami, itabidi ikwanguliwe mpaka ionekane simiti safi, na hiyo kazi pekee yake inakula pesa ya vanishi yote.

Ile simiti nyekundu ya vyumba pia mimi singefunika na taile. Ukitaka joto weka mkeka wa mbao, ule wa vinili, siku moja umemaliza chumba. Ila usiku mmoja kabla, chukua nailoni ya mita moja kwa moja uibandike chini na selotepu pande zote. Asubuhi ukikuta matone chini ya nailoni, unyevu unapanda kutoka ardhini, mkeka utaoza na kunuka, bora uwache nyekundu na polishi yake.

mgeni_milimani

Asanteni sana, mama_shamba umenifungua macho, ni kweli nje ya hilo dirisha kuna ua limepanda mpaka kwa fremu na mchanga uko juu. Nitachimba.

Fundi swali, hicho choo cha kuchuchumaa nikitaka kuweka cha kukaa, yule mwingine alisema anatoa bakuli la chini anaketisha kipya hapo hapo juu ya shimo. Ni rahisi hivyo?

fundi_nyamasaria

Hapana. Choo cha kuchuchumaa mara nyingi trapu yake iko chini ya sakafu, ile kona ya paipu inabaki na maji inazuia harufu. Choo cha kukaa kiko na trapu yake mwenyewe ndani ya kile kiti. Ukikiketisha juu ya trapu ya zamani zinakuwa mbili, hewa inafungiwa katikati, ukivuta maji yanazunguka zunguka na mzigo unabaki. Utaita mtu wa kuzibua kila mwezi na hakuna kitu cha kuzibua. Ile ya chini lazima ichimbuliwe itoke, paipu ya inchi 4 ije moja kwa moja. Ndio nasema hii ifanywe kabla ya skridi.

Pia kabla ununue choo pima kutoka ukuta mpaka katikati ya shimo, na ukumbuke ukuta utaongezeka unene wa taile na gundi. Viko vya kutoa nyuma kwa ukuta na viko vya kutoa chini, usibebe tu kwa sababu ni ofa. Na usihamishe choo upande mwingine wa chumba ati kipendeze, kiwache karibu na manholi pale kilikuwa. Kukihamisha ndio humaliza bajeti.

Dawa ya kuzuia maji nimesahau kutaja. Nyumba yako ni ya chini, hakuna mtu ako chini yako wa kulalamika, lakini ukuta wa shawa nadhani unapakana na chumba cha kulala. Paka sakafu yote na ukuta wa kuogea mpaka juu ya kichwa, mara mbili, kona zote weka ile wavu yake. Ikikauka ziba flotrapu, jaza maji vidole viwili, weka alama na penseli, wacha saa 24 uone kama yameshuka.

kijana_wa_stima

Kwa vile ukuta uko wazi, usisahau stima. Shawa ya maji moto za siku hizi zinavuta mpaka kilowati 5 na zaidi, kwa volti 240 hiyo ni ampea zaidi ya 20, na nyumba za zamani utakuta wamechukua waya kutoka kwa soketi ya jikoni. Ipewe waya wake peke yake wa 6mm kutoka kwa boksi, brekar yake, na erthi ya kweli. Nimeingia nyumba nyingi nikapata waya wa erthi umekatwa umekunjwa ndani ya ukuta. Mtu ako na leseni ya EPRA, ile mamlaka ya kawi, ndio afanye. Na kama maji yenu ni ya kisima na yana chumvi chumvi, kuna shawa zimeandikwa ni za maji ya chumvi, nunua hiyo, ile ingine elementi yake inaliwa haraka.

Kama uko na mpango wa sola siku za usoni pitisha paipu ya maji moto sasa hivi uifunge tu mwisho.

mwl_kitale

Hapo jikoni mngoje kidogo. Vile vitailes vya kijivu vya mraba, kama nyumba ni ya miaka ya 60 au 70, tailes nyingi za vinili za wakati huo zilichanganywa na asbestosi. Zikiwa zimelala hazina shida, shida ni kuzisaga ama kuzikwangua kavu ukapumua ile vumbi. Mimi ningefunika na kitu juu niishi. Zikilazimu kutoka uliza NEMA, ile mamlaka ya mazingira, jinsi ya kuzitupa, zisiende kwa pipa la taka la kawaida na watoto wasikuwe hapo.

BabaTwins_Lanet

Mambo ya pesa sasa. Vifaa nunua mwenyewe, fundi mlipe kazi ya mikono kwa mita mraba, si kwa siku, maana kwa siku chai inakuwa tatu. Katoni ya 60 kwa 60 huwa na tailes 4 ambazo ni mita 1.44, kwa hivyo sebule ya mita 20 ni katoni 14, lakini ongeza asilimia kumi ya kukatwa na kuvunjika ununue 16 na zote ziwe na namba ile ile ya rangi kwa boksi. Ukirudi baadaye kununua moja iliyopungua utapata inafanana kwa duka na nyumbani ni nyeupe ingine. Moja mbili zikibaki weka stoo.

Na mkubaliane kabla kifusi ni cha nani kubeba. Hapo ndio urafiki na fundi huishia.

mgeni_milimani

Sawa, nimekaa na mama watoto tumeongea. Pakee inabaki, amekubali baada ya kusoma hii ya Julai 😅 Tailes ni bafu mbili tu na jikoni tutafunika. Bathtub yeye anasema itoke, mimi nilikuwa naona ni ya chuma nzito bado nzuri.

mama_shamba

Na huyo mzee wa magoti atairuka vipi? Itoke. Weka sehemu ya kuogea iko sawa na sakafu, bila kile kikuta cha kuinua mguu, na vyuma viwili vya kushika, kimoja kando ya choo na kingine kwa shawa. Mwambie fundi mapema ndio ukuta hapo uwekewe simiti ngumu, skrubu zishike kwa jiwe, si kwa taile. Hiyo bathtub uza, kuna watu wa kufuga samaki na wa kunywesha ng'ombe wanazitafuta.

fundi_nyamasaria

Naongezea tu, usivunje bafu zote mbili pamoja. Anza na ya nyuma, imalize kabisa, grauti, ile ya kujaza katikati ya tailes, ikauke, ndio uingie ya ndani. Na hiyo ya nyuma ndio mpe mama, iko karibu na jikoni na haina ngazi.

mgeni_milimani

Iko na ngazi moja hapo kwa mlango.

fundi_nyamasaria

Ngazi moja inajazwa na skridi hiyo hiyo. Nitumie urefu wake na upana wa mlango.